Jalada la Mji Mkongwe

Jalada hilo bado ninalo. Ni la rangi ya kaki, aina ile ile tunayotumia masijala, na juu yake nimeandika kwa kalamu nyeusi: SAFARI YA MJI MKONGWE, SIKU TATU, WATU WAWILI. Ndani lina folio kumi na nne, yaani karatasi zilizofungwa kwa mpangilio, kila moja ina namba kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia, kama nilivyofundishwa kazini. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja hapa Dodoma. Kazi yangu ni kupokea barua za watu, kuzitia kwenye majalada yake, na kuyatafuta majalada hayo mkubwa akiyataka. Sijui kupanga jambo kwa njia nyingine. Mume wangu alipoliona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Alisema wenzake wakitaka kusafiri hupanga begi.

Tulikuwa na miaka saba ya ndoa na hatukuwahi kwenda pamoja mahali ambapo hakuna mtu wa kutupokea. Kusafiri tulisafiri, nisidanganye. Tulikwenda misibani, tulikwenda harusini, tulikwenda kumwangalia mgonjwa, na kila likizo tulikwenda nyumbani, mwaka huu kwao, mwaka ujao kwetu. Kwetu ni Kolo, kule ambako wageni hutoka ng'ambo kuja kutazama michoro ya kale kwenye miamba. Nilipokuwa mdogo niliwaona wakishuka kwenye magari, mume na mke, wamevaa kofia za aina moja, wamekuja kijijini kwetu na hawamjui hata mtu mmoja. Bibi yangu aliwaonea huruma. Aliuliza kama kwao wamefukuzwa.

Kwa hiyo mwenzangu wa ofisini, mama mmoja aliyebakiza miaka miwili kustaafu, aliponiambia kwamba yeye na mume wake wametoka kutembea Mji Mkongwe, Zanzibar, swali langu lilikuwa lile lile la bibi, ila kwa adabu. Nilimuuliza walikwenda kwa nani.

"Hatukwenda kwa mtu," akasema. "Tulikwenda sisi. Tulilala nyumba ya wageni, tukala, tukazunguka vichochoroni tukapotea, tukacheka. Tuliongea mambo ambayo hatujaongea tangu watoto wazaliwe."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoondoka nayo. Majumba ya kale na milango yake ya nakshi ningeweza kuishi bila kuviona.

Niseme wazi nilitaka nini. Miaka miwili kabla ya hapo nilijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Walinichoma sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho, lakini mbele ya uso wangu walitundika kitambaa cha kijani, na mtoto wakampitisha upande wa pili wakamkimbiza chumba kingine kwa sababu pumzi yake haikuwa nzuri. Nilimsikia akilia mara mbili. Ilikuwa asubuhi. Saa tisa alasiri muuguzi alikuja akakaa kitandani kwangu, na muuguzi akikaa kitandani kwako huhitaji kuambiwa.

Kwenye ukoo wa mume wangu mtoto mchanga ambaye hajatolewa nje hazikwi kama mtu mzima. Wanawake wazee ndio humchukua. Humzika kimya, wanaume hawaendi kaburini, matanga hayakai, na mama yake halii wala haulizi, kwa sababu wanasema ukimlilia huyo unamfungia njia wa pili. Mimi nilikuwa nimelala na mshono. Mama mkwe alikuja na wanawake wawili na kanga mpya, mume wangu akasaini karatasi za hospitali, wakaondoka naye kwa gari la kukodi kwenda kijijini kwao. Mume wangu alirudi kesho yake. Nilipotoka hospitali nilikuta beseni la mtoto halipo, nguo hazipo, hata pini za nepi hazipo. Walinifanyia wema. Majirani, ambao kwa miezi tisa walikuwa wakiniita mama kijacho, walirudi kuniita dada.

Maziwa yalikuja siku ya tatu. Hakuna aliyeniambia kwamba yatakuja hata kama hakuna wa kuyanywa.

Tangu siku hiyo mimi na mume wangu hatukulitaja jambo hilo. Nilikuwa na swali moja tu kwake: mtoto alifanana na nani? Yeye ndiye aliyesaini, yeye ndiye aliyepanda lile gari, kwa hiyo yeye ndiye aliyemwona. Niliona namdai uso wa mwanangu. Lakini ningemuulizia wapi? Tunaishi Chang'ombe, vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wanne, na nyumba haina dari. Ukuta unapanda kidogo juu ya mlango halafu ni wazi mpaka kwenye bati. Jirani akikohoa mimi namwambia pole nikiwa jikoni kwangu. Mara kadhaa nilifungua mdomo, na kila mara alisimama akaenda kuongeza sauti ya redio, au akakumbuka soketi iliyoungua kazini. Yeye ni fundi umeme kwenye chuo kule Chimwaga, na soketi za kuungua huwa hazikosekani.

Nikajisemea kwamba tukifika mahali ambapo hakuna jirani, hakuna mama, hakuna soketi, nitauliza. Na akijibu tutakuwa mume na mke tena. Asipojibu, basi, nilikuwa nimechoka kuishi na mpangaji mwenzangu.

Nikafungua jalada. Folio ya kwanza ni ramani ya vichochoro niliyoichapa ofisini, mkubwa anisamehe. Ya pili ni orodha ya nyumba za wageni tano, na nne zimekatwa. Niliyoibakiza ilikuwa na vyumba sita na paa la kukaa juu ambako chai ya asubuhi huletwa. Nilipiga simu mara tatu kuuliza kama pale juu watu hukaa wengi. Kijana aliyepokea alidhani nataka kufanya sherehe. Nilitaka kujua kama mtu anaweza kulia pale bila kusikika, ila hilo sikumwambia.

Mume wangu mwanzoni alisimama mbali na jambo hilo kama mtu anayetazama mbwa asiyemfahamu. Halafu akaingia, na alipoingia aliingia mzima mzima. Hajawahi kuvuka maji mapana kuliko bwawa, na hofu yake yote ilikuwa boti. Folio ya sita ni mwandiko wake: tangawizi ya kutafuna, mfuko wa kutapikia, usikae mbele, tazama mbali. Jioni alikaa kwenye stuli uani akiyumba kushoto na kulia huku anatafuna tangawizi, anajizoeza, na wapangaji wenzetu wakamuuliza kama amepandisha mashetani. Nilicheka mpaka mshono wa zamani ukanivuta. Ilikuwa miaka miwili sijamcheka mtu yule.

"Siku tatu tutakuwa tunafanya nini?" aliniuliza siku moja, akipekua jalada.

"Tutatembea. Tutakula pweza. Tutaongea."

"Tutaongea nini?"

"Mambo," nikasema.

Hakuenda kwenye redio. Aligeuza folio moja, akaigeuza tena, akasema, "Sawa. Hata mimi nina mambo." Nikaona sasa tumefika, bado kupanda treni tu.

Ofisini fomu ya likizo ina sehemu ya kujaza mahali utakapokuwa. Nikaandika Mji Mkongwe. Mkubwa wangu akaisoma, akavua miwani.

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Umeuguliwa?"

"Hapana, bosi. Nakwenda kutembea na mume wangu."

"Andika nyumbani," akasema, "usiniletee maswali kutoka juu." Kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi siku zile nilikuwa Kolo. Folio ya tisa ni nakala yake.

Kilichotuua ni kuaga. Zikiwa zimebaki siku kumi mume wangu akasema Jumamosi twende kijijini tukawaage. Nilimsihi. Nilimwambia ni siku tatu, tutarudi kabla hawajajua. Akanitazama kama niliyemwambia tukaibe.

"Mtu anavuka bahari bila kumuaga mama yake? Boti ikizama nani atamwambia tulikwenda wapi?"

Ningeng'ang'ania. Mpaka leo najilaumu kwamba sikung'ang'ania. Lakini na mimi nimelelewa hivyo hivyo, na moyoni nilijua kwamba boti ikizama nasi hatujaaga, watasema ndiyo sababu imezama.

Tukaenda. Mama mkwe alitupokea vizuri, kama siku zote. Sitaki mtu amwone mbaya. Ni mwanamke aliyezaa tisa akazika wanne, na mikono yake haijui kukaa bure. Tulipomwamkia alikuwa anapepeta uwele. Alitupikia ugali na mlenda, akakaa na sisi, akangoja tumalize. Halafu mume wangu akasema tumekuja kuaga, tunakwenda Zanzibar siku tatu.

"Mnakwenda kwa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Njia nzima nilimfundisha jibu: tunakwenda kutembea, mama, kupumzika. Maneno manne. Nikamwona anavuta pumzi ayaseme, nikamwona anaitazama mikono ya mama yake ikiokota kijiwe kwenye uwele, na maneno yakamfia. Utamwambiaje mama yako, ambaye hajapumzika tangu apate akili, kwamba unavuka bahari kwenda kupumzika?

"Kwa daktari," akasema. "Kuna daktari kule, tunataka atuangalie. Mambo ya mtoto."

Mama mkwe aliweka ungo chini. Machozi yalimjaa, akanishika mkono. "Vizuri, wanangu. Mficha uchi hazai. Nilikuwa najiuliza mtasema lini."

Nikainamisha kichwa kama mkwe mwenye adabu. Ningekuwa na kisu sijui ningemkata nani.

Njiani kurudi nilimpa kisogo. Alisema ni uongo mdogo, utaisha wenyewe tukirudi. Nikamwambia kwenu hakuna uongo mdogo, kuna uongo ambao bado haujapata nauli.

Uongo ule ulipata nauli siku ya Jumatano, siku moja kabla ya safari. Nilitoka kazini nikamkuta mama mkwe amekaa mlangoni kwangu na begi la mkononi, kifurushi cha karanga, na jogoo mweupe aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni wa daktari," akasema, akimwonyesha jogoo. "Huwezi kwenda kwa mganga mikono mitupu, hata wa kizungu."

Nikamuuliza kwa upole kama anakuja kutusindikiza stesheni.

"Nakwenda na ninyi. Nimefikiria. Daktari lazima atauliza habari za uzazi ule wa kwanza, na wewe ulikuwa umelala na mshono. Wanaume hawajui mambo haya. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Nikamkaribisha ndani, nikamwekea maji ya kuoga, nikamfunga jogoo uani. Mikono yangu ilifanya vyote hivyo. Mume wangu alirudi saa kumi na moja, akamsalimia mama yake, na wala hakuonyesha kushangaa. Ndipo nilipojua kwamba alishapigiwa simu. Alisubiri mpaka mama alipokwenda nyuma ya pazia, chumbani, kujinyoosha, akafungua jalada langu, akaingiza humo karatasi moja, akalifunga taratibu.

Nikalifungua. Ilikuwa tiketi ya tatu. Hakuwa ameitia namba.

Nilikaa naitazama karatasi ile. Nilikata tamaa, lakini sikulia. Niliona siku tatu zote: sisi kwenye kichochoro, mama mkwe katikati na jogoo wake, tukimtafuta daktari ambaye hayupo, na juu ya paa, asubuhi, chai ya watu watatu. Nikaona miaka mingine baada ya hapo, redio ikiongezwa sauti. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika 14 kwenye kona. Karani hawezi kuacha folio bila namba.

Halafu nikamuuliza. Pale pale, kwenye nyumba isiyo na dari, jirani akikaanga samaki upande wa pili wa ukuta, mama yake nyuma ya pazia.

"Mtoto alifanana na nani?"

Nilidhani atakwenda kwenye redio. Hakwenda. Alinitazama kwa mshangao, mdomo wazi, mshangao wa kweli kabisa.

"Wewe si ulimwona?" akasema.

"Mimi?"

"Walipomtoa. Si ulikuwa macho? Ulisema ulikuwa macho."

"Waliweka kitambaa. Wewe si ulikwenda naye? Si ulisaini?"

"Nilisaini karatasi. Nilikaa mbele na dereva, wao walikuwa nyuma. Tulipofika mama akaniambia nibaki garini, nisigeuke." Alisema hivyo akiwa amegeuza shingo kidogo, kama aliye bado kwenye kiti kile cha mbele. "Nilidhani wewe ulimwona. Nilikuwa nataka nikuulize tukifika huko. Juu ya lile paa. Nilishapanga namna ya kuanza."

Samaki wa jirani aliacha kuchachatika. Nadhani mwenyewe alizima jiko.

Sote wawili tukageukia pazia. Hatukumwita. Nyuma ya pazia kitanda kililia, miguu ikagusa sakafu, lakini hakutoka. Nilimwomba Mungu kwa nguvu kuliko nilivyomwomba siku ya uzazi. Aliyekuwa amebaki kutuambia ni yeye, mama.

"Walinipa amefungwa," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Muuguzi alikuwa amemfunga vizuri. Nikamzungushia kanga juu yake. Nilisema nikimfunua nitashindwa kumweka chini. Nilizika wangu wanne, wote niliwafunua. Huyu nilisema simfunui."

Kisha akasema, "Nilijua mama yake amemwona."

Safari ilivunjika. Asubuhi treni iliondoka, na sisi tulikuwa tumekaa uani tunakunywa chai, watatu, hakuna anayemtazama mwenzake. Jogoo aliwika kwa kamba mguuni. Mama mkwe alimwacha, akasema tumchinje. Akarudi kijijini siku hiyo hiyo, na kabla ya kupanda basi alinishika mikono yote miwili, mkono wake mmoja juu ya mwingine. Hakuna aliyetaja daktari.

Watu husema kuuliza si ujinga. Sikatai. Lakini nilipokuwa sijauliza nilikuwa na mume aliyemwona mwanangu, na yeye alikuwa na mke aliyemwona binti yake, na kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake kwa kunyamaza. Sasa hatuna hata hicho. Mtoto yule alipita duniani saa chache, akashikwa na watu, akasainiwa, akasafirishwa, akazikwa, na katika sisi wote tuliompenda hakuna aliyemtazama usoni. Muuguzi aliyemfunga nilimtafuta mara moja. Wodi ile ina wauguzi wengi, nao hufunga wengi.

Wiki iliyofuata, Jumapili, mume wangu alilitoa jalada kabatini akakaa nalo. Redio ilikuwa imezimwa. Siku hizi haiwashwi.

"Ulisema ulimsikia," akasema.

"Mara mbili."

"Alilia vipi?"

Kwa miaka miwili nilikuwa naisikia sauti ile kila siku, nikiosha vyombo, nikipanga barua, nikisinzia. Ilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hana, na sasa alikuwa ananiomba nimgawie. Nikafungua mdomo nimwonyeshe. Nikajaribu juu kidogo, nikajaribu chini. Kilichotoka kilikuwa kilio cha mtoto yeyote, cha mtoto wa jirani.

"Siyo hivyo," nikamwambia. "Ngoja."

Akangoja, mikono juu ya jalada.